Goti la Mama wa Dagaa na Kalenda ya Mwezi

“Limesagika,” alisema kabla hajakaa, akaitua bahasha ya kaki mezani kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akarudi palepale. “Yote mawili, mwanangu. Yamesagika. Nimeambiwa nisitembee sana, nisije nikayamaliza.”

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Agosti 2024, Kigoma mjini, katika chumba chetu cha fiziotherapia chenye kitanda kimoja na feni isiyozunguka. Mama huyu ana miaka 61, anakaa Mwanga hapahapa mjini, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akinunua dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, anawaanika, anawauza. Ameniridhia niandike kisa chake kwa sharti kwamba simtaji yeye wala mahali alipoambiwa neno hilo. Kwa hiyo nitamwita Mama tu, kama ninavyomwita tukiwa wawili.

Shida yake aliieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi. Goti la kushoto ndilo linalomwamsha usiku. Kushuka mteremko kwenda ziwani kunamtesa kuliko kupanda akirudi. Akikaa kwenye kigoda hainuki mpaka ashike kitu au ashikwe mkono. Asubuhi magoti yanakaza kama dakika kumi, halafu yanalegea. Homa hana, goti halijawahi kuwa la moto kama jipu, vidole vya mikono havijavimba. Nyonga nilizizungusha zote mbili, maana nyonga mbovu hupenda kusingizia goti, zilikuwa salama. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unasema mtu wa miaka 45 au zaidi, mwenye maumivu yanayokuja akitumia kiungo, na asubuhi hakazi kabisa au anakaza kwa muda usiozidi nusu saa, anaweza kutambuliwa kuwa na ugonjwa huu wa kuchakaa kwa viungo (osteoathraitisi) bila picha yoyote. Ila Mama picha za eksirei alikuwa nazo kwenye ile bahasha, amezilipia, na zilikuwa zimeshamfanyia kazi kichwani.

Nikaziinua dirishani tuzitazame pamoja. Goti la kulia lilikuwa limechoka kwelikweli: nafasi kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, upande wa ndani, imekwisha, na vipembe vya mfupa vimeota pembeni. La kushoto nafasi imepungua kidogo tu. Kwa ngazi za Kellgren na Lawrence za kupima uchakavu wa kiungo kwenye picha, ambazo madaktari wanazitumia tangu 1957 kuanzia 0 (kizima) hadi 4 (kilichochakaa zaidi), la kulia ningelipa 4 na la kushoto 2.

“Lipi linauma zaidi?” nikamuuliza tena.

Akalipiga la kushoto kwa kiganja. “Hili. La kulia nimeshalizoea.”

Sikushangaa. Picha na maumivu havifuatani kama watu wanavyodhani. Kuna watu wenye magoti mabovu mno kwenye picha na wanacheza ngoma harusini, na wengine picha zao karibu safi lakini ngazi tatu zinawatoa machozi. Gegedu, ile ngozi laini inayofunika ncha za mifupa, haina neva hata moja, hivyo likilika peke yake hutahisi chochote. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando unaozunguka kiungo, vifuko vya ute, kano na misuli. Juu ya hapo yupo mwenye goti: amelala kwa muda gani, ana hofu gani, amebeba nini, ana nguvu kiasi gani mapajani. Picha ya eksirei huonyesha mifupa tu.

Ndiyo maana neno “kusagika” linanikera. Linampa mgonjwa picha ya jiwe la kusagia: kila hatua unga unamwagika, hivyo dawa ni kuacha kusaga. Goti halifanyi kazi hivyo. Gegedu halina mishipa ya damu, chakula chake linakipata kwenye ute wa goti, na mwendo ndio unaousukuma ute huo uingie na kutoka. Goti lisilotembea linakaa na njaa.

Bahati mbaya, miezi mitatu kabla hajaja kwangu Mama alikuwa amepitia jaribio ambalo mtafiti asingethubutu kuliomba. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Dagaa hakuna, mwaloni hakuna kazi. Mama, aliyekwisha kuambiwa asitembee sana, akaona Mungu amempa likizo ya kuponya magoti. Akakaa. Mwezi wa kwanza goti lilitulia kweli. Mwezi wa pili akaanza kushindwa kuinuka kitini. Wa tatu akawa anamtuma mjukuu dukani hata kwa chumvi. Kadi yake ya kliniki ya presha ilionyesha kilo 80 mwezi Aprili. Mizani yangu ilisoma 84. Kwa urefu wake wa sentimita 157, hizo ni nyingi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, wa wazee wanene wenye magoti ya aina hii, ulionyesha kwamba kila kilo inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Ukiigeuza hesabu hiyo, likizo ilimpa Mama kilo kumi na sita za ziada kila akikanyaga, karibu ndoo ya maji.

Lakini uzito haukuwa ndio uliomwangusha zaidi. Nilipima mapaja kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita kumi juu ya pia ya goti. La kushoto lilikuwa jembamba kwa sentimita mbili na nusu kuliko la kulia. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki ya mtu anayeshuka mteremko. Goti likiuma au likiwa na maji, mwili wenyewe huizima misuli hiyo kidogo, ikizimwa inanyauka, ikinyauka goti linabeba peke yake na kuuma zaidi. Kisha nikampa kiti cha kawaida, mikono kifuani, sekunde thelathini, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo. Alimaliza mara tano, ya tano akiwa ameng’ata meno.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilimpa karatasi ya mazoezi sita, matatu ya kulala kwenye mkeka, na nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua, “Usichuchumae, usipige magoti.” Baada ya wiki tatu alirudi akichechemea zaidi. Mazoezi ya mkeka aliyajaribu siku moja. Kulala aliweza, kuinuka sakafuni ilibidi aitwe jirani, na jirani akasimulia mtaa mzima. Kuhusu kutochuchumaa aliniangalia kwa huruma. “Mwanangu, dagaa wanaanikwa chini. Jiko liko chini. Choo kiko chini. Na Mungu namsujudia chini. Nisipochuchumaa nitaishi wapi?”

Sikuwa na jibu. Nikamwomba kitu kimoja tu: kila jioni amtajie mjukuu wake, mtoto wa darasa la sita, namba ya maumivu kuanzia 0 hadi 10, naye aiandike kwenye kalenda ya ukutani pamoja na kazi aliyofanya bibi yake siku hiyo. Mtoto yule, kwa hiari yake, akawa anachora na mwezi. Mwezi mwembamba, mwezi nusu, mwezi mzima.

Kalenda iliporudi, ile michoro ilikuwa na maana kuliko maswali yangu yote. Maumivu yalikuwa yanafuata mwezi. Mama mwenyewe alikuwa anajua hivyo kwa miaka, na mtaani tayari wana maelezo yake, mengine ya baridi ya ziwa, mengine ya majirani wenye jicho baya. Kumbe ni dagaa. Dagaa wa Kigoma wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi za betri, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina mvuto, wavuvi wanapumzika. Mwezi ukififia wanaingia ziwani, na alfajiri mwalo unajaa. Kwa hiyo siku za giza ndizo siku za Mama kuanika.

Kulikuwa na mengine humo. Maumivu hayakupanda siku ya kwanza ya giza. Siku ya kwanza na ya pili namba zilikuwa 4 na 5, ya tatu 7, ya nne 8. Goti lilikuwa linakusanya deni. Siku moja alisimama sokoni kutwa nzima akiuza, akaandikisha 4. Siku nyingine hakwenda popote, alikesha msibani amekaa kwenye mkeka, akaandikisha 8. Na kazi ileile, akiwa amelala kwa muda wa saa tatu tu, ilimgharimu alama mbili zaidi kuliko akiwa amelala kwa muda wa saa sita. Hakuna hata siku moja iliyoonyesha kwamba kutembea ndiko kunakomuumiza, na kutembea ndiko alikokatazwa.

Basi siku moja ya giza nikapanda bodaboda nikaenda Kibirizi kabla ya jua. Nilichokiona kwa nusu saa kilinifundisha kuliko miezi ya kumtazama kitandani. Mama anamwaga dagaa kutoka kwenye beseni juu ya mchanga, kisha anashusha goti la kushoto chini, la kulia analiacha limesimama kwa sababu halikunji vizuri. Kwa mkono anatandaza dagaa kwa mzunguko mpaka mkono unapofika mwisho. Hapo hasimami, anajivuta kwa goti lilelile la kushoto, nusu hatua, juu ya changarawe, anaanza mzunguko mwingine. Nilihesabu mivuto arobaini na moja kabla beseni la kwanza halijaisha. Akimaliza anajiinua kwa mguu huohuo wa kushoto, beseni mkononi. Jua likiwaka anarudia yote kuwageuza.

Goti la kulia, lile bovu la kwenye picha, kwa kutokunja lilikuwa limejiokoa. La kushoto, lile zima, lilikuwa linafanya kazi ya mawili. Nilipolibonyeza palepale mwaloni, chini kidogo ya goti kwa ndani, pale kwenye kifuko cha ute ambacho kano za paja hupita juu yake, aliruka. Chumbani kwangu pale palikuwa panauma kidogo tu, kwa sababu alikuwa anakuja kwangu siku za mbalamwezi, akiwa na nafasi. Daktari anayekutana na mgonjwa siku za mapumziko yake tu anamtibu mtu mwingine.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Wapo wanaoanika juu ya vichanja, na Mama alikuwa anavijua, ila alikuwa anaona ni gharama na kwamba yeye ameshazoea mchanga. Wakaungana watatu, wakanunua miti na nyavu kuukuu, fundi akawasimamishia kichanja cha usawa wa kiuno. (Dagaa wa kichanjani hawana mchanga na wanauzwa vizuri zaidi, na nadhani hilo ndilo lililomshawishi, wala si fiziotherapia yangu.) Jiko akaliinua juu ya matofali. Fundi seremala akakata tundu kwenye kiti cha mbao kwa ajili ya chooni. Kuswali akiwa kitini ndiko kulikochukua muda mrefu. Dini inamruhusu, hilo alilijua fika. Alichokiona kizito ni macho ya wenzake nyuma ya safu. Alianza nyumbani, na wiki ya tano akasema ameswali kitini mbele ya watu na hakuna aliyegeuka.

Mazoezi nikayapunguza hadi mawili. La kwanza, kila kabla ya kunywa chai, asubuhi na jioni, ainuke na kukaa kitini mara nane bila mikono, kwanza kwenye kiti alichokiinua kwa mto, kisha bila mto. La pili, kutembea tambarare dakika nane kila siku, aongeze dakika mbili kila wiki. Nikampa na kipimo cha kujiamulia mwenyewe: maumivu yasizidi 5 wakati wa zoezi, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakirudi, goti limeukubali mzigo. Yasiporudi, punguza, usiache. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi kuliko nyingine yoyote, maana ndiyo iliyopaswa kuliondoa lile “nisitembee nisije nikayamaliza”.

Fimbo aliikataa. Fimbo ni ya bibi kizee, alisema, akiwa na wajukuu saba. Baadaye akakubali kuishika siku za giza kwenye mteremko tu, na ikabidi nimhamishie mkono: alikuwa anaishika upande wa goti linalouma, kama wengi, wakati inatakiwa mkono wa upande wa pili ili imsaidie nyonga kubeba mwili mguu mbovu unapokanyaga.

Dawa zake zilinitisha kidogo. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki viwili hadi vitatu kwa siku, amenunua duka la dawa, miezi na miezi, na presha siku ile ilikuwa 160 kwa 95. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, huchubua tumbo na kuchosha figo, na yeye alikuwa anameza za presha asubuhi na za kuipandisha mchana. Nilimpeleka kwa daktari siku hiyohiyo. Akaachishwa vidonge, akapewa jeli ya diklofenaki ya kupaka, ambayo kwa goti inafanya kazi vizuri na huingia kwenye damu kidogo sana. Ni ghali kuliko vidonge, kwa hiyo tulikubaliana aipake siku za giza tu.

Na bamia. Siwezi kuandika kuhusu magoti Tanzania nikaacha bamia. Alikuwa anachemsha na kunywa mrenda wake kila alfajiri ili kurudisha ute uliokauka. Bamia ni mboga nzuri, aendelee kuila, lakini utelezi wake unaishia tumboni. Hauna njia ya kwenda gotini. Na kichekesho ni kwamba goti lake la kushoto halikuwa limekauka hata kidogo. Lilikuwa na maji mengi kupita kawaida, ndiyo uvimbe ule juu ya pia. Nilimwekea mkono wake mwenyewe juu ya uvimbe, nikausukuma upande mmoja, akahisi maji yakihamia wa pili. Akacheka. “Kumbe ndani kuna ziwa!” Mrenda ukaisha siku hiyo.

Mwanawe aliyeko Dar es Salaam alipiga simu akitaka mama yake akasafishwe goti, au achomwe sindano nyingine kama ile ya mwaka juzi iliyompa nafuu ya wiki chache. La kusafisha nilimweleza jaribio la Houston, Marekani, lililochapishwa 2002: watu 180, wengine wakasafishwa goti kwa kamera, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa bila kuguswa ndani, na hakukuwa na tofauti ya maumivu kati yao. La sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, moja kwa kipindi kigumu sina ugomvi nayo, lakini jaribio la Marekani la 2017 lililowachoma watu kila miezi mitatu kwa miaka miwili halikupata nafuu zaidi ya ile ya waliochomwa maji ya chumvi tu, na gegedu la waliochomwa steroidi lilipungua zaidi. Kijana alinyamaza, kisha akauliza kichanja kiligharimu kiasi gani, akatuma fedha ya cha pili.

Katikati ya Desemba nilipima tena. Kiti, sekunde thelathini: mara kumi. Kilo 81. Tofauti ya mapaja imebaki sentimita moja na nusu. Kwenye kalenda, siku mbaya kabisa ya giza ilikuwa 5, na baada yake akalala usiku kucha. Goti la kulia halijabadilika. Bado linakunja nyuzi 95 tu, na huenda miaka ijayo likahitaji kubadilishwa, jambo ambalo kwa mtu wa Kigoma ni safari na fedha. Hatujaliahirisha kwa hofu. Kwa sasa halimzuii kufanya analotaka. Sikupiga picha mpya, ingawa aliniomba. Nilimuuliza angetaka imwambie nini. Akafikiri, akasema, “Kwamba limejaa tena.” Nikamwambia haliwezi kujaa, na mifupa ile itaonekana vilevile kama Agosti. Akaitazama ile bahasha ya kaki aliyokuwa bado anatembea nayo, akaiacha juu ya meza yangu. Ninayo mpaka leo.

Mlangoni aligeuka. Ziwa likifungwa tena, aliuliza, afanye nini, maana dagaa hawatakuwepo. Kabla sijajibu akajibu mwenyewe: atateremka Kibirizi kila asubuhi mikono mitupu, atawasalimia walinzi wa mitumbwi, atapanda arudi.

“Wataniona mwendawazimu,” alisema, akaanza kushuka ngazi za baraza, mguu mmoja mmoja, bila kushika ukuta.